Mtihani wa Usajili Si UE Nyingine: Barua kwa Wafamasia Watarajali

Ukimaliza mwaka wa nne wa famasi, watu wa nyumbani wanaanza kukuita daktari na majirani wanaanza kukuonesha vidonda. Kisheria bado hujawa kitu. Una shahada, lakini shahada ni ya chuo. Jina lako haliko kwenye rejesta ya Baraza la Famasi, na bila jina hilo huruhusiwi kujiita mfamasia wala kukaa dirisha la dawa bila msimamizi. Kati ya joho na rejesta kuna mambo mawili: mwaka mmoja wa utarajali, na mtihani wa usajili.

Nimeombwa na wahariri niwaandikie wadogo zangu namna ya kujiandaa na huo mtihani. Utarajali nimeufanya katika hospitali moja mjini Morogoro, mtihani nimeufanya na nimefaulu. Sina siri ya kuuza. Nina utaratibu ulionisaidia, na sababu zake. Mambo ya tarehe, ada, fomu na kituo cha kufanyia mtihani sitayagusa, kwa sababu hubadilika. Yasome kwenye tangazo la Baraza lenyewe la mwaka wako, usiyasome kwenye skrinishoti uliyotumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu.

Mtihani unatafuta nini

Tuanze hapa, kwa sababu wengi tunaingia na mazoea ya chuo. Kwenye UE tunajua mchezo: mhadhiri fulani anapenda swali fulani, madesa ya miaka mitano yapo, ukikesha siku tatu unavuka, ukikwama kuna sapu. Mtihani wa usajili una mteja tofauti. Mteja wake ni mtu ambaye hatakuwepo chumbani: mgonjwa. Baraza linataka kujua jambo moja kwa niaba yake. Tukikukabidhi ufunguo wa stoo, tukaondoka, watu wa mahali hapo watabaki salama?

Mimi ni wa Kinole. Kwa wasioijua, ni kata ya Wilaya ya Morogoro, mteremko wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwao Chifu Kingalu, yule ambaye soko kuu la Morogoro mjini limepewa jina lake. Kwetu ni ndizi, mananasi, mafenesi, karafuu na pilipili manga. Masika ikikolea, udongo mwekundu unateleza na gari linaweza kushindwa kupanda. Mtu akiumwa huko, anayemhudumia kwenye dawa mara nyingi ni mtu mmoja, hana wa kumuuliza pembeni, na akikosea hakuna daktari bingwa wa kumrekebisha jioni. Nilipokuwa nasoma nilijiwekea kipimo hicho: kila mada niliyoifungua nilijiuliza, hii ingekuwa na maana gani Kinole? Mada ikijibu, inakaa kichwani. Wewe weka kwenu: Mbinga, Ngara, Micheweni, popote.

Kazi yote niliigawa mafungu matatu: sheria, hesabu, na mgonjwa.

Fungu la kwanza: sheria

Hili ndilo linalodharauliwa. Chuoni sheria ni kozi moja ya kukariri vifungu. Kwenye utarajali unagundua kwamba maswali mengi ya kazi ni ya aina moja tu: jambo hili ni la nani?

Kumbuka hivi. Mtu na mahali anapofanyia kazi ni mambo ya Baraza la Famasi, chini ya Sheria ya Famasi, Sura 311, iliyotungwa mwaka 2011. Bidhaa yenyewe, yaani kidonge, chupa, sirinji na kitendanishi, ni mambo ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, chini ya Sura 219. Hiyo TMDA ndiyo iliyokuwa TFDA mpaka mwaka 2019, chakula na vipodozi vilipohamishiwa TBS. Ununuzi, utunzaji na usambazaji wa dawa za umma ni kazi ya Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Na dawa zinazoweza kugeuzwa ulevi, kama mofini na pethidini, zinaongeza jicho la nne, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyotokana na sheria ya mwaka 2015.

Sasa jipe swali. Umepokea kopo la vidonge vilivyobadilika rangi ingawa muda wake haujaisha: unamwambia nani? Ni bidhaa, basi ni TMDA, na unatenga kopo hilo kwanza lisiendelee kutolewa. Kwenye duka la jirani anahudumia kijana ambaye hajasoma popote: ni mtu, basi ni Baraza. Mgonjwa amevimba midomo baada ya kumeza dawa mpya: anatibiwa kwanza, kisha unajaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, inakwenda TMDA. Ukishajua ramani hii, vifungu vinakuwa na mahali pa kukaa. Bila ramani, unakariri namba zinazoelea.

Soma pia sheria kama historia, maana kila kanuni ilizaliwa na tatizo. Chukua duka la dawa muhimu. Kabla yake vijijini tulikuwa na maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu. Lakini mtoto akichemka homa usiku na famasi ya karibu iko mjini, muuzaji aliuza antibiotiki hivyo hivyo, bila mafunzo, na mzazi akashukuru. Kukataza kwenye karatasi hakukuzuia kitu. Ndiyo maana mwaka 2003 mkoani Ruvuma ukaanza mpango mwingine: wafundisheni wauzaji, yakagueni maduka, kisha waruhusuni orodha fupi ya dawa za cheti. Morogoro ni miongoni mwa mikoa iliyofuata, na baadaye mpango ukaenea nchi nzima. Ukiijua hadithi hiyo, ukiulizwa duka la dawa muhimu lina mipaka gani na kwa nini, hujibu kwa kukariri. Unajibu kwa kuelewa.

Fungu la pili: hesabu

Hapa ndipo wenye GPA kubwa wanapoumbuka, kwa sababu hesabu za famasi si ngumu, ni za kuhitaji utulivu. Ni kuzidisha na kugawanya. Kinachoua ni haraka. Nitatoa mifano mitatu ya aina niliyokuwa nafanya kila jioni.

Wa kwanza. Mtoto wa kilo 12 ana homa, anahitaji parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5. Kilo 12 mara 15 ni miligramu 180. Miligramu 180 ugawe kwa 120, uzidishe kwa 5, unapata mililita 7.5. Rahisi. Lakini jibu halijaisha, kwa sababu mama hana mililita, ana kijiko. Na kijiko cha jikoni si kimoja nchi nzima. Jibu kamili ni mililita 7.5, na umpe kifaa cha kupimia, umwoneshe kwa kidole mstari wa kuishia.

Wa pili. Mtoto wa kilo 14 ana malaria kali. Sindano ya artesuneti kwa mtu mzima ni miligramu 2.4 kwa kilo, lakini kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo. Kwa hiyo 14 mara 3 ni miligramu 42. Kichupa cha miligramu 60 kikichanganywa kwa ajili ya mshipa, kila mililita inabeba miligramu 10, basi anapata mililita 4.2. Kikichanganywa kwa ajili ya msuli, kila mililita inabeba miligramu 20, basi anapata mililita 2.1. Dozi ya pili ni baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24 tangu ya kwanza. Ukitumia 2.4 ya mtu mzima kwa mtoto huyu, unampa miligramu 33.6. Kwenye karatasi ni alama moja imepotea. Wodini ni mtoto aliyepewa pungufu ya dawa usiku ambao hana muda wa kupoteza.

Wa tatu ndio naupenda zaidi, na chuoni tuliupita mbio. Zahanati imetumia dozi 240 za dawa mseto kwa miezi mitatu. Lakini kati ya siku hizo 90, siku 30 dawa haikuwepo kabisa. Sasa hivi stoo kuna dozi 60. Unatakiwa uagize ili ufikie akiba ya miezi minne. Uagize ngapi?

Mwenye haraka anasema: 240 kugawa kwa 3 ni 80 kwa mwezi, 80 mara 4 ni 320, toa 60, agiza 260. Safi, kwa macho. Lakini zile dozi 240 zilitolewa kwa siku 60, si 90. Siku 30 nyingine watu waliumwa vilevile, ila leja haikuandika kitu. Kwa hiyo matumizi halisi ni 240 mara 90 kugawa kwa 60, sawa na 360 kwa miezi mitatu, yaani 120 kwa mwezi. Mara 4 ni 480, toa 60, agiza 420.

Tofauti ni dozi 160. Anayeagiza 260 hajaiba na wala si mvivu, amefanya hesabu bila kuuliza zile siku za ukavu zilikwenda wapi. Matokeo yake dawa itakwisha tena kabla ya muda, leja itaandika tena matumizi madogo, na oda ijayo itakuwa ndogo zaidi. Upungufu unarithiwa. Halafu watu wanasema serikali haileti dawa, au wahudumu wanauza dawa mlango wa nyuma. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni kugawa kwa 3 mahali pa kugawa kwa 2. Nilipoielewa hesabu hii nilimkumbuka bibi yangu, anayeamini kabisa kwamba dawa za kwetu "zinakatiwa njiani".

Ushauri: kila hesabu uifanye mara mbili kwa njia mbili, na mwisho ujiulize kama jibu linaingia akilini. Ukipata mililita 42 za sindano ya msuli kwa mtoto, usigeuze ukurasa.

Fungu la tatu: mgonjwa

Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu uwe nawe muda wote. Mimi nilikuwa nao kwenye simu, na kurasa za malaria, nimonia, kuhara, shinikizo la damu, kisukari na dharura za uzazi nilizichapa, maana mlimani mtandao unakuja na kuondoka. Lakini usiusome kama kitabu cha hadithi, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Fanya hivi: kila siku chagua cheti kimoja ulichohudumia mchana, kisha usiku kifuate kwenye mwongozo. Kwa nini dawa hii? Dozi ni sawa kwa uzito huo? Inagombana na nyingine? Angekuwa mjamzito ungebadili nini? Cheti kimoja kwa siku, ukiondoa siku za kupumzika, mwaka una vyeti zaidi ya 200. Hakuna desa litakalokupa hiyo.

Chukua dawa mseto, ALu, ambayo nchi hii inaitumia kama chaguo la kwanza kwa malaria isiyo kali tangu mwishoni mwa 2006. Kila mtu anajua mtu mzima anameza vidonge 4 mara 6, jumla 24, siku 3. Dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza. Sasa twende dirishani.

Mchana mmoja nilikuwa zamu na fundi dawa sanifu mmoja, mzee wa kazi, aliyekuwa anatoa dawa kabla mimi sijaanza shule ya msingi. Mama mmoja akaja na cheti cha ALu. Nikamsalimu, nikamweleza kwa ufasaha wote wa chuo: "Mama, hivi utakunywa sasa, halafu vingine baada ya saa nane."

Akaniangalia. "Mwanangu, saa nane ya usiku au ya kesho mchana?"

Mzee akacheka taratibu, akasogea. "Shikamoo dada yangu ni wewe wa kuniamkia mimi," akamtania, kisha akamwambia: "Sasa hivi ni saa nane mchana. Meza hivi vinne hapa hapa. Vingine vinne meza saa nne usiku, kabla ya kulala. Kesho asubuhi vinne, kesho jioni vinne. Keshokutwa asubuhi na jioni hivyo hivyo. Haya, niambie wewe sasa, ukifika nyumbani utavimezaje?" Mama akarudia yote bila kukwama.

Nimejifunza mambo matatu kwenye dakika hizo mbili. Kwanza, Kiswahili chetu kinatumia neno saa kwa muda na kwa wakati. "Kila saa nane" mdomoni mwa mfamasia ni masikioni mwa mgonjwa saa nane mchana na saa nane usiku. Kwa hiyo taja wakati wenyewe wa kumeza. Pili, kuhesabu saa 36 kavukavu kungempeleka mama huyu ameze usiku wa manane. Asubuhi na jioni kwa siku ya pili na ya tatu ndiyo inayotekelezeka. Tatu, hujamweleza mgonjwa mpaka akueleze yeye. Hayo hayapo kwenye slaidi, lakini ndiyo swali lolote la ushauri kwa mgonjwa linayoyatafuta.

Endelea na dawa hiyo hiyo. Inafyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta. Ukimwambia mtu wa Kinole "meza na mlo wenye mafuta" atadhani umemwagiza nyama. Mwambie ndizi za nazi, au karanga, au parachichi, au maziwa akiyapata. Akitapika ndani ya nusu saa tangu ameze, arudie dozi ile, na aje achukue vya kufidia ili zisipungue mwishoni. Swali hilo la kutapika hakuniuliza mwalimu. Aliniuliza bibi yangu nilipokuwa nyumbani kwa likizo, nikimfanyia mazoezi ya kueleza dawa. Tangu hapo akawa mtahini wangu. Nikimweleza akaelewa, mada imekwisha. Akisema "hapo umenipoteza mjukuu wangu," narudi kwenye daftari.

Jifunze pia magonjwa ya kazi za watu wako. Kwetu ndizi zinashushwa mlimani kichwani na mgongoni. Mzee anaumwa mgongo, anakwenda dukani, anauziwa diklofenaki, anapata nafuu, anarudia wiki kwa wiki. Mzee huyo huyo ana dawa za shinikizo la damu kutoka kliniki. Kliniki wanaona presha haishuki, wanaongeza dozi, kumbe diklofenaki inaipandisha na inaibana figo. Hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine. Ukiulizwa kuhusu mwingiliano wa dawa, usiione kama jedwali, muone mzee huyu. Na muulize pia mizizi na majani anayotumia, kwa heshima, bila kukunja uso. Ukimcheka leo, kesho hatakuambia.

Kuhara kwa mtoto kunaonekana mada ya darasa la saba, lakini kuna mtego. Pakiti ya ORS ni ya lita moja ya maji safi na salama. Mzazi akiitia kwenye kikombe kimoja, chumvi inazidi na mtoto anaumia zaidi. Chupa mbili za maji za nusu lita ndiyo kipimo kinachopatikana kila kijiji. Na zinki usiisahau: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekata siku ya tatu.

Kusoma ukiwa kazini

Tatizo la utarajali ni kwamba unasoma ukiwa umechoka. Zamu inaisha, miguu imevimba. Mpango wa saa tano kila usiku utaufuata kwa siku mbili. Mimi nilijipa saa moja, kwa wiki kumi na mbili: dakika 20 hesabu, dakika 20 cheti cha siku, dakika 20 sheria. Jumamosi mapumziko. Ijumaa jioni tulikaa watarajali wanne, kila mmoja anakuja na maswali matano aliyotunga mwenyewe, si ya kunakili. Ukitunga swali zuri ujue umeielewa mada. Ukishindwa kulitunga, umejua pa kurudi.

Usijifungie dirishani miezi yote. Omba kupita stoo, wodi, chumba cha kutengenezea dawa. Shika leja kwa mkono wako. Panga rafu ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza. Soma kipimajoto cha friji asubuhi na jioni, ujue kwa nini oksitosini inakaa kati ya nyuzi 2 na 8: ikiharibika kwa joto haibadiliki rangi wala harufu, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua ndiye atakayegundua. Fungua kabati la mofini pamoja na msimamizi wako, uone jinsi kila ampuli inavyoandikwa kwenye rejesta mpaka hesabu zioane.

Na waheshimu mafundi dawa sanifu. Mtarajali mwenye shahada akiingia na pua juu, hawamgombezi, wanamwacha. Utamaliza mwaka ukijua kusoma cheti tu.

Madesa, na jina lako

Nimalizie na mambo mawili ambayo hayako kwenye silabasi yoyote.

La kwanza ni makundi ya WhatsApp yanayouza "maswali yenyewe ya mwaka huu". Yatakuja kwako, tena wiki ile ambayo una hofu kuliko zote. Pesa yako itakwenda, na jioni utaitumia kukariri majibu ya mtu usiyemjua, mengine si sahihi. Zaidi ya hapo, jiulize unanunua nini. Ukipita kwa njia hiyo, siku moja utakuwa peke yako na ule mtihani wa mtoto wa kilo 14, na hakuna kundi litakalokuwa hewani.

La pili ni zito zaidi. Kati ya kumaliza utarajali na kupata kazi kuna kipindi kikavu. Posho imekatika, boom ilishasahaulika ila deni lake lipo, ajira hazijatangazwa, na nyumbani wanajua umemaliza. Sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye sauti. Wangu aliuza ndizi za misimu kadhaa ili mimi nisome, na hajawahi kunidai kwa maneno. Anauliza tu, "Bado hawajakuita?" Swali hilo lina uzito wake.

Katika kipindi hicho ndipo simu inapolia. Mwenzangu mmoja, wiki chache baada ya kusajiliwa, alipigiwa na mwenye duka kubwa la dawa: lete cheti chako tukitundike ukutani, kila mwezi utapata kiasi chako, wala huhitaji kuja. Sheria inataka famasi iwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa. Huyu alitaka karatasi ya mfamasia. Mwenzangu alikuwa na kodi ya miezi mitatu. Tulikaa naye usiku tukapiga hesabu, kama zile za Ijumaa. Upande mmoja, kodi. Upande wa pili, kila kidonge kitakachotoka duka lile na mtu asiyemjua, saa asiyoijua, kitatoka kwa jina lake. Dawa ikimdhuru mtu, mkaguzi hatamtafuta kijana wa kaunta, atasoma jina lililoko ukutani. Na zaidi ya mkaguzi: yule mama aliyeuliza saa nane ipi, kwenye duka lile angemuuliza nani?

Alikataa. Akaenda kujishikiza kwenye famasi ndogo kwa mshahara mdogo, lakini yupo dukani, anajibu maswali. Kodi aliilipa kwa kuchelewa, na mwenye nyumba alisema aliyoyasema.

Nalitaja hili kwenye makala ya mtihani kwa sababu maadili nayo ni sehemu ya maandalizi. Ukisoma kanuni za maadili kama orodha ya kukariri, utaziandika vizuri, kisha simu ikilia utazisahau. Zisome ukiwa na kodi akilini. Amua jibu lako kabla hujaulizwa, maana siku ya kuulizwa utakuwa na njaa.

Basi, wa mwaka wa nne, anzeni na mwongozo wa matibabu sasa hivi, kabla ya utarajali, cheti kimoja kwa siku hata cha ndugu aliyeugua nyumbani. Wa mwaka wa tatu, mkienda field msiombe kukaa ofisini, ombeni stoo. Na serikali yetu ya wanafunzi ingeweza kufanya jambo dogo lisilo na bajeti: kila muhula iwaalike waliotoka utarajali wakae na wanaokwenda, mchana mmoja, na daftari la hesabu mezani. Mimi nikiitwa nitakuja. Nitakuja na lile swali la dozi 240, na ambaye ataandika 260 atanunua chai.